Uyoga wa kichuguu na panya shamba: nusu siku ya matembezi Kisesa

Mtu akikwambia kwamba atakutoza shilingi 40,000 ili akulinganishie uyoga na panya, una haki ya kudhani kuwa anakutania. Nami nilidhani hivyo mwalimu mwenzangu aliponiletea tangazo la matembezi haya, na kama nisingekuwa nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza, huku nikitafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wakaone viumbe wenyewe badala ya kunakili michoro ya ubaoni, nisingeulizia zaidi. Nilikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, nikalipa kama mgeni mwingine yeyote bila kujitambulisha. Niseme mapema kwamba sehemu ya uyoga ina thamani kuliko bei yake, sehemu ya panya iliendeshwa kwa uzembe usiovumilika, na wazo lenyewe la kuwaweka viumbe hawa wawili kwenye mizani moja ni zuri kuliko waandaaji wenyewe wanavyolijua.

Waandaaji ni vijana watatu wanaoanza, kwa hiyo sitawataja kwa jina. Wageni hukusanyika kituo cha daladala cha Kisesa, katika barabara ya Musoma, karibu na njia ya kwenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na kutoka hapo mnatembea kwa miguu kuelekea mashamba na vilima vya mawe vilivyo nyuma ya makazi. Nauli ya kutoka mjini haimo katika malipo; chai ya asubuhi na chakula cha mchana vimo. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tulioheshimu muda huo tulikuwa watano, wawili wakachelewa, na kiongozi wetu akaamua kuwasubiri hadi saa moja na dakika arobaini. Katika matembezi ya kawaida jambo hilo lingekuwa usumbufu mdogo tu, lakini hapa lilikuwa na gharama nitakayoieleza baadaye.

Aliyetupokea shambani hakuwa kiongozi bali mama mmoja mkulima wa eneo hilo, aliyeajiriwa kwa siku ili aonyeshe uyoga. Alitusalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” akangoja mpaka kila mmoja wetu aitikie, kisha akatangulia bila maneno mengi. Pembeni mwa shamba la mihogo alisimama, akatuonyesha chini, na kwa muda sikuona chochote isipokuwa udongo uliolowa na majani makavu. Baada ya macho kuzoea niliona kwamba kile nilichodhani ni mchanga mweupe uliomwagika kilikuwa uyoga, mamia kwa mamia, kila mmoja ukiwa na kofia isiyozidi upana wa kitufe cha shati, yenye ncha ndogo katikati kama chuchu na kingo zilizoanza kupasuka. Kijana aliyekuwa akituongoza alitaja jina lake la kitaalamu, Termitomyces microcarpus, na alilitamka vizuri. Mama alipiga magoti, akaukusanya kwa vidole viwili bila kuuvuta, akikata kikonyo kwa ukucha juu kidogo ya udongo, na alipomwona mgeni mmoja aking'oa kwa pupa akamwambia, “Polepole, mwanangu, mchanga ukishaingia humo hautoki hata ukiosha mara saba.” Wageni tulicheka, lakini mchana tulipokula tulikuja kuelewa kwa meno yetu nani kati yetu aliyemsikiliza.

Maelezo ya kijana kuhusu asili ya uyoga huu yalikuwa sahihi na ya kuvutia, na hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba pesa yangu haikupotea. Uyoga huu haujiotei tu, bali hulimwa, na mkulima wake ni mchwa. Mchwa wa kundi hili hawawezi peke yao kumeng'enya miti na majani makavu wanayokusanya, kwa hiyo huyatafuna, huyapitisha tumboni kwa haraka, na kuyajenga chini ya ardhi kuwa bustani zenye umbo la sega, ambamo kuvu, ambalo uyoga ni tunda lake, huota na kuyavunjavunja mpaka yakawa chakula. Ushirika huo ulianza Afrika miaka ipatayo milioni 30 iliyopita, na ushahidi mmojawapo ulio mzuri kabisa uko hapa kwetu Tanzania, katika bonde la Rukwa, ambako viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, vikiwa na bustani zake ndani, vilielezwa na wanasayansi mwaka 2016 kuwa na umri wa miaka ipatayo milioni 25. Kijana hakutaja habari ya Rukwa, nami naona ni hasara, kwa sababu mwanafunzi wa Kitanzania akiisikia hataisahau. Lakini alieleza vizuri kwa nini uyoga huu mdogo huota umetapakaa wakati ndugu zake wakubwa huchomoza mmojammoja: mchwa huvitoa nje vipande vya bustani na kuvimwaga juu ya ardhi, na mvua ikinyesha kila kipande hufumuka kofia zake. Ndugu wakubwa, kinyume chake, hupanda kutoka bustanini kwa mzizi mrefu unaopenya udongo. Mama alituchimbia mmoja kando ya kichuguu, akifuata mzizi kwa kijiti mpaka mkono wake ukazama hadi kiwiko, na bado mzizi ukakatika kabla ya kufika mwisho wake.

Kisha likaja swali ambalo matembezi yote yamejengwa juu yake, nalo ni kama uyoga una udugu wa karibu zaidi na mmea au na mnyama. Wageni wote saba tulijibu kwa sauti moja, “mmea”, nami nilijibu hivyo makusudi ili nione kijana atafanya nini. Alifanya vizuri. Alitukumbusha kitendawili cha utotoni, “Nyumba yangu ina nguzo moja”, akasema kwamba jibu lake tunalijua lakini mwenye nyumba hatumjui, kwa kuwa kinachoonekana juu ni tunda tu na kiumbe chenyewe ni nyuzi zilizo chini. Kuvu halina umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani, wala halijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua, bali hula kilichotengenezwa na wengine, kama tulavyo sisi na kama alavyo panya. Akiba yake ya chakula huihifadhi kwa namna ya glaikojeni, kama ini la mnyama, na si kwa namna ya wanga kama kiazi. Kuta za seli zake zina kaitini, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo katika gamba la mende na kamba. Mwanasayansi Linnaeus, aliyeupanga ulimwengu wa viumbe, aliuweka uyoga pamoja na mimea katika karne ya 18, na ilikuwa mwaka 1969 ambapo mwanaikolojia Whittaker aliutengea himaya yake, yaani kundi kuu la viumbe, katika mpangilio wa himaya tano ambao bado tunaufundisha. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata umeonyesha kwamba kuvu na wanyama wana babu mmoja ambaye mimea haimo katika ukoo wake. Kwa maneno mengine, ukiweka mezani uyoga, panya na fungu la mchicha, ndugu ni wale wawili wa kwanza, na mchicha ndiye mgeni.

Nimewahi kulifundisha jambo hili kwa miaka mingi bila kumwona mwanafunzi hata mmoja akishtuka. Pale shambani watu wazima saba walinyamaza, na mgeni mmoja akaurudisha kikapuni uyoga aliokuwa ameushika, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ameshika kitu chenye roho.

Sehemu ya pili ilikuwa ya panya, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniudhi. Mitego ilikuwa imetegwa jioni iliyotangulia katika shamba la mahindi, visanduku vya bati ambavyo mlango wake hujifunga panya akikanyaga sakafu, na chambo chake kikiwa siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi. Hiyo ndiyo njia wanayoitumia watafiti, nayo haimjeruhi mnyama, mradi ifuate sharti moja lisilo na mjadala: mitego hukaguliwa alfajiri, jua halijapanda, kwa sababu kisanduku cha bati kilichoachwa juani hugeuka tanuri. Sisi tulifika kwenye mitego hiyo saa tatu na nusu. Vitano kati ya visanduku kumi na viwili vilikuwa vimefungwa. Cha kwanza kilipofunguliwa ndani ya mfuko wa kitambaa, panya aliyeanguka humo alikuwa amekwisha kufa, manyoya ya shingoni yakiwa yamelowa kwa mate, kwa kuwa panya akizidiwa na joto hujipaka mate ili apoe. Kijana alisema, “Huyu alikuwa dhaifu,” akamweka kando na kuendelea. Si kweli kwamba alikuwa dhaifu. Alisubirishwa pamoja nasi pale kituoni, ila sisi tulikuwa na chai. Wengine wanne walikuwa hai, lakini wawili walikuwa wamelegea kiasi kwamba hawakukimbia walipoachiwa, na hakuna aliyewatilia maji. Naelewa kwamba mkulima angewaua wote watano bila kuwaza, na pengine ana sababu, lakini anayewatoza watu pesa ili wajifunze kuhusu kiumbe hana haki ya kumpika kiumbe huyo kwa ajili ya wachelewaji.

Kosa la pili ni la afya. Kijana alivaa glavu, jambo jema, lakini alimruhusu mgeni mwenzetu amshike panya aliye hai kwa mikono mitupu ili apigwe picha. Panya huyu ni Mastomys natalensis, ndiye panya shamba wa kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na huko Afrika Magharibi ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa. Ugonjwa huo si wa kwetu, na virusi vya jamii hiyo vilivyogunduliwa kwake hapa nchini, vilivyopewa jina la Morogoro, havijulikani kumdhuru binadamu. Hata hivyo mkojo wa panya hubeba vijidudu vingine, na maji na sabuni vilikuwa umbali wa nusu saa kwa miguu.

Inasikitisha zaidi kwa sababu panya mwenyewe, akiangaliwa kwa makini, ni somo zuri. Tulimwona jike mmoja akiwa amegeuzwa chali ndani ya mfuko, rangi yake ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, tumbo lenye manyoya meupe kidogo, meno ya mbele ya rangi ya chungwa iliyofifia, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote, na safu mbili ndefu za chuchu kuanzia kifuani hadi mapajani. Mgeni mmoja alizihesabu akafika kumi na nane, akapoteza hesabu panya alipojipindua. Jike wa aina hii anaweza kuwa na chuchu hadi 24, hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na huzaa kwa kawaida watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja. Kwa uwezo huo si ajabu kwamba makadirio yanayotajwa mara nyingi kuhusu hasara ya mahindi inayosababishwa na panya hapa Tanzania hufika asilimia 15 ya mavuno, na katika mwaka wa mlipuko mkulima mmoja anaweza kupoteza karibu shamba zima, kwa kuwa panya hufuata mstari wa kupanda na kufukua mbegu moja baada ya nyingine kabla haijachipua. Mama yetu, ambaye katika sehemu hii alikuwa amekaa kimya chini ya mti, alisema mwaka mmoja alipanda mara tatu. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na kijana hakuona kwamba maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko maelezo yake yote.

Ulinganisho wenyewe, kwa maoni yangu, unasimama imara mahali ambapo waandaaji hawajaufikisha. Wao wanauishia kwenye udugu wa himaya, yaani kaitini na glaikojeni, kisha wanahamia kwenye chakula cha mchana. Lakini viumbe hawa wawili wanafanana zaidi kwa jinsi wanavyoishi na mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Ubelgiji, akiwamo Herwig Leirs, waliofuatilia panya shamba kwa miaka mingi huko Morogoro, walionyesha kwamba kuzaliana kwao hufuata mvua na majani mabichi yanayochipua baada yake, kiasi kwamba mvua nyingi za vuli zinaweza kutumika kubashiri wingi wa panya utakaofuata. Uyoga nao hungoja mvua hiyohiyo. Wote wawili hushinda kwa wingi na si kwa ukubwa, wote huishi sehemu kubwa ya muda wao chini ya ardhi, na wote hula kile ambacho jua limekipika katika jani la mtu mwingine. Tofauti yao kubwa ni kwamba panya anamfuata mkulima ili amwibie, na uyoga una mkulima wake mwenyewe anayeulisha, anayeusafisha na anayeufia. Mwanafunzi akipewa jambo hilo alifikirie mbele ya kichuguu na mbele ya mstari wa mahindi uliofukuliwa, atakuwa amejifunza ikolojia bila kulisikia neno lenyewe.

Nitaje kwa haraka kosa moja la maelezo, kwa sababu ni la aina ambayo wanafunzi hulibeba mpaka mtihanini. Tulipokuwa tukipita kwenye mawe tuliwaona pimbi wakiota jua, na kijana akasema kwamba hao ni “panya wakubwa”. Pimbi si panya wala si jamaa wa panya. Ana sura ya kudanganya, lakini ukoo wake uko karibu na tembo. Katika mkoa ambao pimbi wanakaa juu ya kila jiwe, kiongozi wa matembezi ya viumbe hana budi kulijua hilo.

Chakula kilipikwa nyumbani kwa mama, na hapa sina lawama hata moja. Uyoga mdogo uliokaushwa kidogo juu ya moto, ukachemshwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa, ukaliwa na ugali wa muhogo, ulikuwa na utamu mzito unaokaribia ule wa nyama lakini bila mafuta yake, na mchuzi wenyewe ulikuwa umeganda kiasi cha kushika tonge. Mchanga ulikuwemo, kama nilivyodokeza, katika sehemu ya wale waliong'oa. Ningelipia bakuli hilo peke yake shilingi 8,000 mjini bila kulalamika, ila mjini halipatikani, kwa kuwa uyoga huu haulimwi na binadamu kibiashara na mchwa hawapokei oda.

Kabla ya kupika, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo ningependa waandaaji walisome mara mbili. Kila mgeni alikuwa na kikapu chake, na vikapu vyote vilimwagwa juu ya ungo mmoja. Mgeni mmoja alikuwa ameokota njiani, kwenye nyasi karibu na zizi la mbuzi, uyoga mkubwa wa kupendeza, mweupe, wenye magamba ya hudhurungi katikati ya kofia na pete kwenye shina. Mama aliuona, akautoa kwenye ungo kwa ncha ya kijiti na kuutupa nyuma ya jiko, pamoja na wote uliokuwa umegusana nao. Kijana akacheka, akasema kwamba huo ni mmoja wa wale wakubwa wa kichuguu na kwamba mama ana woga wa kizee. Mama hakujibu. Nikaenda nyuma ya jiko, nikauokota, nikaufunga kwenye gazeti.

Kwa walimu wanaofikiria kuwapeleka wanafunzi, bei yao ni shilingi 20,000 kwa mwanafunzi, nami nitakuwa tayari kuilipa kwa masharti niliyokwisha kuwaandikia waandaaji: mitego ikaguliwe saa kumi na mbili asubuhi hata kama mgeni ni mmoja, pawe na maji ya kunawa palepale mitegoni, asiwepo mwanafunzi wa kumshika panya kwa mkono mtupu, na neno la mwisho kuhusu kinachoingia chunguni liwe la mama. Kati ya nyota tano ninawapa tatu, na mbili na nusu kati ya hizo ni za mama.

Jioni ile nilikata shina la ule uyoga, nikailaza kofia juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli, kama ninavyowaelekeza wanafunzi wanapotaka kuona rangi ya spora, yaani chembe za uzazi za uyoga. Kando yake nililaza kofia kadhaa za ule mdogo wa kichuguu chini ya bakuli jingine. Asubuhi nilifunua yote mawili. Chini ya kofia ndogo kulikuwa na vumbi la rangi ya waridi iliyofifia, kama inavyotakiwa kwa uyoga wa mchwa. Chini ya ile kubwa, mistari ilikuwa imejichora kuanzia katikati kwenda pembeni kama njiti za mwavuli, nayo ilikuwa ya kijani, rangi ya Chlorophyllum molybdites, uyoga unaomfanya aliyeula atapike na kuharisha kwa saa nyingi. Nilipiga picha karatasi zote mbili nikamtumia kijana. Alikaa kimya mpaka jioni, kisha akapiga simu, akaniuliza, “Mwalimu, ile karatasi ya kijani bado unayo? Naomba nije niichukue, nimwonyeshe mama.” Nikamwambia mama haihitaji.